Kausha Kwanza, Ndipo Ujifunike

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Si harufu ya pilau wala ya marashi ya arusi. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo, na ilitoka kichwani kwa mama yako.

Usikunje uso. Jana ulikuja hapa Bwiza na mechi mpya, nywele za kuongezea zilizosukwa mpaka kiunoni, ukaketi kwenye kiti hicho hicho, na kila baada ya muda ukawa unajipigapiga kichwa kwa kiganja kama mtu anayeua mbu. Nikakuuliza kama unaumwa. Ukasema, "Apana, papa, ni vile bado ni mupya." Mama yako akakwambia ulegeze zile za mbele, ukajibu kwamba utangoja arusi ipite kwanza, kwa sababu mchumba wako anazipenda hivyo hivyo. Na Jumapili mnakwenda plaji, ufukweni mwa ziwa. Mimi nilinyamaza, maana mchumba mwenyewe alikuwa amekaa hapo na Fanta yake mkononi, na sikutaka kumwaibisha kijana wa watu kabla hajaimaliza. Leo uko peke yako. Najua utacheka, fundi wa magari mzima anataka kukufundisha habari za nywele. Cheka tu, lakini usiondoke.

Nilimuoa mama yako wakati wa kiangazi kama hiki, mwezi wa nane, vumbi kila mahali na nusu ya Bujumbura inaoana. Binamu yake aliyekuwa Ubelgiji alimtumia mechi, na enzi hizo mechi za namna ile hukuzikuta kila saluni. Alisukwa kwa ajili ya siku ya mahari. Msusi alivuta kwelikweli, mpaka nyusi za Goreti, mama yako, zikapanda juu. Lakini alipendeza jamani! Nilimwangalia nikasahau hata jina la mjomba wangu niliyetakiwa kumtambulisha kwa wakwe.

Kutoka mahari mpaka arusi zilipita wiki nyingi. Joto likazidi, Goreti akaanza kusema kichwa kinamuwasha, anasikia vipele pembeni, afadhali afumue apumzike kidogo, halafu asukwe upya vyepesi. Nikamkatalia. Nikamwambia, "Goreti, vumilia. Nataka watu wote wakuone hivi." Nilimwambia kwa sauti ya upole, tena nimemshika mkono, kwa hiyo nilijiona mwanaume mwenye mapenzi.

Basi tukafunga arusi, akacheza, akatoka jasho, tukarudi nyumbani kwa wazazi wangu, nyumba ile ya nyuma ya soko unayoijua. Ninyi siku hizi mnakodi ukumbi, mnamaliza kila kitu kwa siku moja, kesho yake kila mtu kazini. Zamani zetu bibi arusi alikaa ndani kwa wakwe siku kadhaa. Hafanyi kazi, haonekani ovyo, na wageni wakiingia anajifunika. Mpaka ifike siku ya gutwikurura, ndugu zake wanapokuja na zawadi zao, na shangazi wa bwana arusi anamwondolea kitambaa mbele ya familia zote mbili. Hapo ndipo watu wanamtazama usoni na kumpokea.

Sasa fikiria chumba kile. Mabati juu, dirisha limefungwa kwa sababu linatazama njia ya watu, na mwezi wa nane. Kichwa kinamuwasha, kwa hiyo anaosha kwenye beseni. Kabla mechi hazijakauka, hodi hodi, wageni. Anavuta kitenge anajifunika. Wageni wanakaa, wanakula, wanaimba, maji yako palepale kwenye mashina ya nywele. Kesho yake anaosha tena kwa sababu kunawasha zaidi, na hodi inapigwa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba anazidisha ubaya kila anapoosha.

Dada yangu ndiye aliyetoka chumbani wa kwanza akiwa ameshika pua. Halafu bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alisimama karibu na jiko akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Tumeleta mutoto muchafu mu nyumba."

Goreti alisikia. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani ametazama ukuta, machozi yanatiririka, na alisema neno moja tu: "Kesho mama yangu atakuwa hapa."

Umeelewa alichokuwa anasema? Kesho yake kitambaa kingeondolewa mbele ya mama yake na wajomba zake wote. Harufu ile ingetoka pamoja na kitambaa, na watu wangerudi makwao wakisema kwamba mama yule hakumfundisha binti yake kuoga. Jambo kama hilo halisahauliki, wewe unajua watu wetu. Mama yule mkwe wangu angelibeba mpaka kaburini, kila msiba na kila arusi mtu angenong'ona nyuma yake.

Na mimi, mwanaume wa nyumba, nilifanya nini? Nilikwenda dukani kwa Mwarabu nikanunua marashi, nikamwagia kitenge chupa nzima. Mungu wangu! Kama hujawahi kunusa marashi juu ya nywele zilizovunda, shukuru. Mimi mwenyewe macho yalitoa machozi.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Tantini Domitila, dada yake baba yangu, ambaye ndiye angemfunua bibi arusi. Alikuwa mama mnene, mfanyabiashara, anavusha vitenge pale mpakani Gatumba, na wanaforodha wote walimwogopa. Aliingia chumbani bila kupiga hodi, akafungua dirisha, akafungua mlango, akakaa kitandani mpaka kitanda kikalia. Akamwondolea Goreti kitenge. Akapanua mechi kwa vidole, hapa juu ya sikio la kushoto. Nikachungulia nami nikaona. Ngozi imevimba, nyekundu, kuna usaha, na mechi bado zimevuta palepale.

"Mutoto, ju ya nini hukufumua?"

Goreti akatazama sakafu. Hakunitaja, na alikuwa na kila sababu ya kunitaja. Tantini akageuza shingo polepole akanitazama mimi, ninayenukia marashi kuanzia shati mpaka viatu.

"Ni we."

"Tantini, nilitaka apendeze."

"Apendeze kwa nani? Ni we unaliwa na vidonda? Leta kitana. Kaa hapa nyuma yake. Utafumua we mwenyewe."

"Mi? Tantini, mi ni mwanaume!"

"Wakati ulikataza ulikuwa mwanaume. Sasa fumua."

Mwanangu, nilifumua. Mikono hii, kucha zimejaa grisi ya garaji, nikashika kitana chenye mkia mwembamba nikaanza. Ya kwanza niliikata juu mno, nikala nywele zake mwenyewe, nikapigwa kofi la mkononi. Tantini akanionyesha kupapasa mpaka nione nywele ya mtu inapoishia na mechi inapobaki peke yake, hapo ndipo pa kukata, halafu unafumua kuanzia chini kupanda juu. Dada zangu wakawa wanapita mlangoni mmoja baada ya mwingine bila shughuli yoyote. Rafiki yangu wa garaji akaja kunisalimia, akaniona, akauliza, "Vipi, umefungua saluni?" Tantini akamwambia aingie naye ashike kitana cha pili. Alikimbia mpaka leo.

Tulipokaribia kumaliza, azana ya magharibi ilikuwa inasikika. Nikafika pale juu ya sikio. Nikavuta kidogo tu, wallahi kidogo, kama wanavyosema majirani zetu, na msuko ukanibaki mkononi pamoja na mizizi yake. Ngozi ikabaki tupu. Goreti akasikia upepo, akapapasa, akasema, "Zitaota." Tantini akamwondoa mkono pale polepole. Alikuwa ameshaona vichwa vingi kuliko sisi.

Akaagiza maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo iliyochanganywa na maji. Akamuosha yeye mwenyewe kwa ncha za vidole, bila kukwaruza, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akanirushia taulo. "Kausha. Usisugue, kamua polepole. Kisha upepee." Nikapepea kwa kipande cha katoni mpaka bega likaniuma. Kila nikisema tayari, ananiambia, "Tia kidole ndani, mpaka ku ngozi. Ukisikia baridi, bado." Nikatia kidole. Baridi. Nikapepea tena.

Hapo mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Tantini akamwambia, "Njoo, uone ule uchafu uliosema. Huyu mutoto alitaka kufumua, ni mutoto wako alimukatalia." Mama alikuja akaangalia kile kidonda. Akatoka. Nilidhani amekasirika, kumbe alikwenda kuleta mafuta yake ya mawese aliyoyaficha kwa ajili yake mwenyewe, akampaka Goreti kuzunguka kidonda, akawa anasema, "Pole, mama. Pole sana." Goreti akalia upya, lakini safari hii alilala kwenye mapaja yake.

Kesho yake ua ulijaa. Wakwe wakaleta vikapu vyao, pombe ya ndizi na bia ya Primus na Fanta, wazee wakahutubiana mpaka jua likachoka. Tantini akasimama, akashika kitambaa, akakiondoa. Watu walikuwa wanangoja zile nywele za kiunoni, na mbele yao amekaa msichana mwenye nywele fupi, safi, zinang'aa. Mama mmoja wa upande wao akauliza kwa sauti, "Nywele zilienda wapi?"

"Zile za Ubelgiji tumezirudisha," Tantini akajibu. "Hizi ni zake."

Watu wakaangua kicheko, wamama wakapiga vigelegele. Lakini mimi nilikuwa namtazama mama mkwe wangu. Alikuja mbele, akamshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akainama akamnusa utosini, kama unavyomnusa mtoto mchanga. Kisha akacheka. Nikatafuta kiti, nikakaa.

Sasa nakuja kwako, Ines. Tangu utoto wako umesikia kwamba ule upara juu ya sikio la mama yako uliletwa na kukuzaa wewe. Mlimuuliza mkiwa wadogo, naye akajibu hivyo kwa kucheka, na mimi nilikuwepo. Nakumbuka ukachukua mafuta yako ya mtoto, ukapanda mapajani pake ukampaka, ukasema unamrudishia nywele zake. Ulifanya hivyo kiangazi kizima. Nilikuwa nakutazama nikiwa na gazeti mkononi, sikusema neno. Si wewe, mwanangu. Haikuwa wewe hata siku moja. Ni mimi, na mama yako alinificha kwa miaka yote hii kama alivyonificha siku ile mbele ya Tantini.

Kwa hiyo nenda plaji, sikukatazi. Ukitoka ziwani, suuza kichwa kwa maji safi kabla hujakaa kula samaki, maana mchanga na jasho vikikaa pamoja humo ndani utajikuna mpaka usiku. Ukirudi nyumbani kamua kwa taulo, kaa penye upepo, kivulini, tia kidole mpaka kwenye ngozi. Ukisikia baridi, bado, hata kama wageni wako mlangoni. Waache wangoje. Kausha kwanza, ndipo ujifunike. Usiku funga kitambaa laini cha kuteleza, si kile cha pamba kinachonyonya mafuta yote. Mafuta yenyewe kidogo, kwenye ngozi, si kumwagia mechi kama chipsi. Vumbi la kiangazi hiki likizidi, osha, usiogope kwamba zitachakaa. Zikikaa sana, fumua, kichwa kipumue kabla ya kusuka tena. Na msusi akivuta mpaka unashindwa kufumba macho vizuri, mwambie pale pale kwenye kiti. Unamlipa akusuke, humlipi akuumize.

Na yule kijana wako. Si mtoto mbaya, ananikumbusha mtu fulani. Mwambie papa amesema Jumapili aje na taulo na kipande cha katoni, ajifunze kupepea. Akikubali, mpe hiyo arusi. Akisema yeye ni mwanaume, mlete kwangu tuongee.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na nyumba unayokwenda kuijenga. Akupe mume atakayekuuliza unaumwa wapi kabla hajakwambia umependeza. Uzeeke na nywele zako zote, nyeupe tupu, na binti yako azisuke.

Haya, mama yako yuko sokoni bado. Nipe kitana hicho, vuta kiti, ugeukie dirishani. Hizi za mbele nazilegeza mimi.