Mwalimu wa Hesabu Aliyeshindwa Kufika Nne

Tangu Ijumaa sikulala: je, nilimpunja Mogaka?

Mimi ni mwalimu mpya wa hesabu, katika shule moja karibu na Itumbe, na ndimi niliyeandika matokeo ya mechi ya besiboli siku hiyo. Mogaka ndiye mrushaji wetu. Mpira wake hupinda ghafla kama ng'ombe aliyekataa zizi. Katika zamu moja wapigaji wanne waliukosa, kila mmoja mara tatu, na kwa kawaida anayekosa mara tatu hutoka. Nikaandika watatu.

"Mwalimu, ni wanne," Mogaka akasema.

"Zamu huisha watatu wakitoka. Wa nne umemtoa wapi?"

Wenzake wakamcheka. Karatasi hiyo ingepelekwa Jumatatu kwa wanaochagua timu ya kaunti.

Sabato ilipoisha Jumamosi jioni nikasoma sheria. Mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, akiangusha mpira wa tatu uliokoswa, mpigaji anaweza kukimbia na kubaki salama, na mrushaji bado anahesabiwa kuwa amemshinda. Mpigaji wa pili alikimbia hivyo mbele ya macho yangu!

Jumatatu nikasimama mbele ya gwaride. "Mogaka aliwashinda wapigaji wanne. Mimi mwenye digrii ya hesabu nilishindwa kuhesabu."

Shule nzima ikaangua kicheko. Mogaka akaninyooshea kalamu, "Andika basi, Mwalimu."

Nikaandika nne.