Hewala na Taa Nyekundu

Tulimwita Hewala kwa sababu hakuwa na jibu jingine. Ukimwambia njoo, hewala. Ukimwambia ondoka, hewala. Hewala haigombi, wanasema, na yeye aliishi miaka mingi kwa methali hiyo moja katika karakana yetu ya mabehewa ya mizigo, ambako mimi ni mchomeleaji. Tulidhani ni upole. Kumbe masikio yalikuwa yamekufa.

Yaliuawa na kazi. Breki za behewa huendeshwa kwa upepo unaopita kwenye bomba chini ya treni nzima, na fundi wa breki hupita behewa kwa behewa akisikiliza panapovuja. Upepo ukikufyatukia karibu na kichwa kila siku, mwisho wake unaujua. Lakini fundi asiyesikia filimbi haruhusiwi kuingia chini ya behewa, na aliyefukuzwa kazi hana haki ya kukaa kwenye nyumba za reli. Kwa hiyo Hewala akanyamaza. Alilowesha mkono kwenye kopo la maji, akaupitisha kwenye kila kiungo cha bomba, na ubaridi ukamwambia alichokuwa akikisikia zamani. Wengine wakicheka, alicheka. Wakimtazama, alisema hewala.

Siri hiyo ilijulikana na watu wawili tu, mke wake na kaka wa mke wake, ambaye naye alikuwa fundi pale pale. Mke ndiye aliyemwendea kaka yake akamwomba afanye kazi na mumewe. "Kaka, niangalizie huyu," alimwambia. "Sina mwingine."

Shemeji akakubali. Kazi yake ilikuwa kufungua koki ya upepo huku mwanzo wa treni. Kabla ya kufungua alipuliza filimbi kama sheria inavyotaka, kisha akaligonga bomba kwa spana, ili Hewala auhisi mtikisiko kwa kiganja na kutoa vidole kabla pedi hazijabana gurudumu. Sitamnyima haki yake. Aligonga kila mara.

Ila ujira wake alijilipa mwenyewe. Wakati wa chai alimgeukia Hewala kwa uso wa heshima kabisa, akamwuliza taratibu, "Shemeji, hivi wewe ni punda?"

"Hewala."

"Na marehemu mama yako, naye punda?"

"Hewala, shemeji," Hewala alisema, akatabasamu.

Watu walipaliwa na chai kwa kicheko. Mimi yule bwana nilimchukia siku ile, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha.

Halafu yakaletwa mabehewa mapya yenye nyaya. Kwenye haya, amri ya breki husafiri kwa umeme, na kila behewa lina kisanduku chenye taa. Breki ikishika vizuri inawaka kijani, upepo ukivuja inawaka nyekundu. Hewala alipoiona ile taa mara ya kwanza alisimama mbele yake akaisahau hata chai. Hakuna anayehitaji masikio ili kuona rangi. Alijifunza nyaya zile kwa bidii ambayo hatukuwahi kuiona kwake, na mkuu wa karakana akamwandikia kwenye karatasi ya kazi afunge kisanduku kimoja mbele yake. Kikifanya kazi, mabehewa mapya yatakuwa yake. Tatizo ni kwamba alitakiwa fundi mmoja tu, na shemeji naye alikuwa na macho.

Siku ya majaribio tulikusanyika wote. Hewala aliingiza kichwa kwenye kisanduku, akakaza waya wa mwisho, na taa ikawaka kijani. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shemeji alikuwa amesimama nyuma, kwenye ncha ya mpira wa upepo.

"Mkuu," alisema, "mtazame huyu, usinitazame mimi."

Akafungua koki. Upepo ulitoka kwa mlio wa kupasua kichwa, vumbi likatimka, nasi sote tukaruka na kuziba masikio. Hewala hakugeuka. Aliendelea kunyoosha nyaya zake kwa utulivu, mpaka taa ilipobadilika ikawa nyekundu. Akaikagua kwa makini.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "kuna mahali panavuja kidogo."

Karakana nzima iliangua kicheko. Hewala akageuka, akaona meno ya watu, akacheka naye. Mkuu peke yake hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi.

"Kesho usije kazini," alimwambia. "Na nyumba uiache mwisho wa mwezi."

Hewala alimtazama kwa shukrani. "Hewala, mkuu."

Alipita buchani, akarudi na nyama. Nyumba yangu imepakana na yake, na ukuta wenyewe ni jina tu, kwa hiyo nilimsikia akiingia. Kiziwi hajui kunong'ona.

"Mama watoto, nimepata. Mabehewa mapya ni yangu."

Kaka mtu alikuwa ameshapita hapo na habari zake. Mke alianza kumweleza kwa sauti ya chini, akituonea haya majirani.

"Hewala," alisema mumewe. "Bandika nyama kwanza."

Akarudia, akilia. Naye akamwambia asilie, shida zimekwisha. Mwishowe mwanamke alipiga kelele kwa nguvu zake zote kwamba amefukuzwa, kwamba kaka yake ndiye aliyemtoa, kwamba hawana pa kukaa. Kwangu vijiko vilisimama. Mtaa mzima ulisikia.

"Unasemaje?" aliuliza Hewala.