Wenzake walibishania pembe, Tecla akarefusha nira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umelala bondeni Kasulo, lakini tayari watu saba wamesimama pembeni mwa shamba, simu juu, wanarekodi.

Wanachorekodi si mpira wala harusi. Ni ng'ombe wawili wa Ankole, wale wenye pembe ndefu mpaka unajiuliza wanalalaje, wamefungwa nira na wanavuta plau. Udongo unageuka mweusi, mbichi, unanukia. Nyuma yao anatembea mwanamke mfupi aliyevaa buti za mvua, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Gitare, taratibu! Wewe Bihogo, usinitanie mimi, chai yenyewe sijanywa!"

Watazamaji wanacheka. Mwanamke hacheki, macho yake yako kwenye mstari. Mstari umenyooka utadhani umepigwa kwa rula.

Huyo ndiye Tecla Rogasian, miaka 38, mama wa watoto watatu, na kwa sasa mlimaji wa kukodiwa anayegombewa kuliko wote Kasulo, wilayani Ngara. Ukimtazama vizuri utaona mkono wake wa kulia haunyooki. Kiwiko kimekunjika na hapo ndipo kilipogomea.

"Huu mkono ndiyo ulionipa akili," anasema, akiwapumzisha ng'ombe mwisho wa shamba. "Ungekuwa mzima, leo ningekuwa nimeinama na jembe kama jana na juzi."

Miaka mitatu iliyopita Tecla aliteleza kwenye mteremko akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mfupa ulivunjika, ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo hawezi kunyanyua jembe kupita bega.

Na kwa watu wa kwao, jembe ndilo kila kitu. Msimu wa kwanza shamba lake la eka mbili, chini ya njia ya Lukole, lililala. Msimu wa pili likalala tena. Mumewe ni dereva wa lori la nafaka, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Vibarua wa kulima eka moja kwa mkono walitaka shilingi laki moja, hela ambayo nyumba ile ilikuwa haina.

Ndipo familia ikakaa kikao. Baba mkwe wake, mzee Anatoli, ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu ardhi ya ukoo. Akatamka: mvua za vuli zikianza na shamba halijalimwa, linakwenda kwa mdogo wake mumewe, Frednand, apande mikaratusi.

Frednand hakusubiri. Alileta miche mia nne, akaipanga kivulini mita chache tu kutoka shambani.

"Shemeji, mimi sina haraka," alikuwa akimwambia Tecla kila akipita. "Ila miche yangu ndiyo inakuulizia."

Tecla alijua maana yake. Mkaratusi ukishapandwa, hapo maharage hayarudi tena, yeye na watoto wake wangebaki wanakula kwa kuomba. "Nilikuwa nikiiona ile miche naona kama watu wamekuja msibani kabla sijafa," anasema.

Mwezi Septemba alikwenda Nyarubungo, wilaya ya jirani ya Biharamulo, kumsalimia dada yake. Huko kuna Wasukuma wengi waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, na kulima kwa maksai kwao ni jambo la kawaida kama kupika ugali. Tecla alikuwa amewaona mara nyingi tu. Lakini safari hii aliangalia kitu ambacho hakuwahi kukiangalia: mikono ya mlimaji.

"Nikaona haipandi juu! Iko hapa, usawa wa kiuno. Plau hainyanyuliwi, plau inashikwa. Nikasema ee Mungu wangu, hata mimi si naweza?"

Mlimaji yule alikuwa Kazimili, mzee wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, ambaye amefundisha ng'ombe kulima tangu akiwa kijana. Tecla akamfuata.

"Shikamoo baba. Ng'ombe wa kwetu nao wanaweza hii kazi?"

"Marahaba mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma. "Wa kwenu? Wale wa kupiga nao picha?" Kazimili akacheka mpaka akashika mbavu. Ila alipoona mwenzake hacheki, akakubali kuja kujaribu. Wiki iliyofuata alikuwa Kasulo na plau yake, mnyororo na nira.

Kumshawishi mzee Anatoli ilikuwa vita nyingine. Kwake ng'ombe ni heshima. Ng'ombe anatolewa mahari, anasifiwa, anapakwa siagi. Kumfunga mti shingoni ni kumdhalilisha. Hata hivyo alikuwa na madume wawili aliowahasi ili wanenepe auze, Gitare mweupe na Bihogo mwekundu. Baada ya siku tatu za kubembelezwa akakubali kwa sharti moja.

"Akiumia hata mmoja, habari imeisha. Na shamba limeisha."

Jaribio la kwanza halikufika hata hatua kumi na tano. Kazimili alikuwa anawaamrisha kwa Kisukuma, Gitare wa watu haelewi hata neno. Bihogo akageuza kichwa kumwangalia mgeni huyu anayepiga kelele, pembe ikamchana Gitare chini ya jicho. Damu!

"Fungua!" mzee Anatoli alipaza sauti. "Fungua sasa hivi!"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kazimili alisema dawa ni moja tu, pembe zikatwe. Shubiri mbili kila upande na mambo yatakuwa shwari.

"Ukate pembe?" mzee akamjibu. "Si ukate na shingo kabisa tule nyama!"

"Mzee, pembe hazilimi."

"Na wewe hulimi hapa!"

Wakaendelea hivyo karibu saa nzima, pembe zikatwe, pembe zisikatwe, na majirani wakagawanyika pande mbili. Jirani yake Tecla, Domisiana, aliyekuwa ameshika kamba ya Gitare muda wote huo, anakumbuka vizuri.

"Wanaume wote wanaangalia pembe. Mimi namwangalia Tecla. Yeye anaangalia nira. Nikajua huyu leo kuna kitu."

Tecla alimsogelea Kazimili, taratibu, kwa adabu.

"Baba, hii nira kipimo chake ulipewa na nani?"

"Na baba yangu."

"Na yeye?"

"Na baba yake. Ndiyo kipimo cha nira, mayu."

"Ng'ombe wa babu yako walikuwa na pembe kama hizi?"

Kazimili akazitazama tena pembe za Bihogo. Ng'ombe wa kwao wana pembe fupi, za shubiri moja tu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza urefu wa nira, na yeye hakuwahi kujiuliza.

"Nikaona aibu," anakiri Kazimili leo, akicheka. "Mimi ndiye fundi, halafu mama ambaye hajawahi kushika plau ndiye ananiuliza swali la kwanza."

Tecla alimwonyesha mzee Anatoli kwamba jeraha la Gitare ni mkwaruzo tu, akamwomba siku nne. Mzee akampa tatu, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Burundi.

Siku ya kwanza hakufanya kazi yoyote ambayo mtu angeiita kazi. Aliwamwagia Gitare na Bihogo majani ya migomba kwenye mstari mrefu, akaketi kwenye ndoo, akawaangalia wakila. Mumewe alipiga simu. "Mama Josiane, naambiwa unakaa unaangalia ng'ombe kutwa. Uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Naangalia wanasimama wapi."

Kwa sababu ng'ombe wale, wakila pamoja, walikuwa wanaachiana nafasi wenyewe. Hawagusani pembe hata kidogo. Tecla akachukua kamba ya mgomba, akapima kutoka katikati ya shingo hii hadi ile, akafunga fundo. Akarudia jioni. Akarudia kesho yake. Fundo likaangukia palepale, karibu mara mbili ya nira ya Kazimili.

Alihitaji mti mrefu, mwepesi, mgumu. Mikaratusi iliyokomaa alikuwa nayo Frednand peke yake. Akaenda kumwomba.

"Chukua, shemeji, chukua!" Frednand alimkatia mwenyewe huku akicheka. "Ukishindwa utaniletea kuni."

Siku ya tatu shambani palijaa. Nira mpya ikapanda shingoni. Safari hii amri zilikuwa za Kihangaza, lugha ya kwao, na mwenye kuamrisha ni Tecla mwenyewe, Kazimili ametangulia mbele na kamba. Ng'ombe wakatembea. Pembe zikapita hewani bila kugusana, hatua ishirini, hamsini, mpaka mwisho wa shamba! Watu wakapiga vigelegele.

Wakageuza. Mstari wa pili. Na hapo vigelegele vikakatika.

Kati ya mtaro wa kwanza na wa pili ulibaki mkanda mpana wa majani ambao plau haikuugusa. Nira imekuwa ndefu, katikati yake pamehama mbali na ng'ombe anayetembea mtaroni, plau inapita mbali.

"Jamani!" Frednand akapiga kofi. "Shamba limenyolewa kiduku!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Anatoli akainuka, akakung'uta suruali. Tone la kwanza la mvua likamwangukia Kazimili usoni, akalifuta, akamwambia Tecla kwa huruma, "Tumejaribu, mayu."

Tecla alikuwa amepiga magoti mbele ya nira, ameshika pete ya chuma ambayo mnyororo unaning'inia.

"Hii isogee."

"Haisogei. Pete inakaa katikati. Mnyororo ukivuta upande, ng'ombe mmoja atabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake."

"Basi abebe mwenye nguvu. Gitare ana nguvu zaidi, Gitare apite ndani ya mtaro. Sogeza upande wake."

Kazimili akachukua nyundo.

Waliisogeza vidole vinne, mkanda wa majani ukapungua. Wakaisogeza kiganja kizima. Tecla akashika mikono ya plau, kiwiko kilichokunjika kikiwa kimekaa mahali pake kama kilichongwa kwa ajili hiyo, akaita, "Gitare! Bihogo! Twende!"

Plau ikaingia. Udongo ukalala juu ya udongo, hakuna hata jani lililobaki katikati. Mstari wa tatu, wa nne, wa kumi. Mvua inanyesha na hakuna aliyekimbia. Domisiana alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mzee Anatoli alivua viatu, akaingia kwenye mtaro na kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho akikanyaga polepole. Aliporudi alimtazama Frednand, akasema maneno manne tu.

"Hamisha miche yako, mwanangu."

Eka zile mbili zilikwisha kwa siku tatu. Msimu ule Tecla alivuna magunia kumi na moja ya mahindi, maharage juu.

Msimu uliopita amelima eka thelathini na moja za watu, kila eka shilingi elfu hamsini, nusu ya bei ya kulima kwa mkono. Watoto wake watatu wana sare mpya. Mmoja wa wateja wake ni Frednand, ambaye mikaratusi yake imepanda mlimani kwenye mawe na analipa mapema kuliko wote. Kule Nyarubungo, Kazimili sasa ana nira za vipimo vitatu, na akifika mteja mpya kwanza anawamwagia ng'ombe majani na kukaa kimya.

Mpango wa Tecla kwa msimu ujao umeshaanza kuleta maneno. Anataka kufundisha ng'ombe jike asiyezaa, ili wanawake wasio na maksai nao walime na alichonacho kila mmoja zizini.

"Jike?" mzee Anatoli aliposikia alishtuka. "Jike ni wa maziwa, Tecla! Wapi umeona jike analima?"

"Sijaona popote, baba."

Mzee alinung'unika, akachukua fimbo yake, akatoka. Tecla alidhani amekasirika. Aliporudi saa moja baadaye alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na ng'ombe jike mwekundu, mpole, ametoka naye zizini kwake mwenyewe.

"Anza na huyu," alisema. "Ila mpime kwanza. Huyu shingo yake ni nyembamba."