Kibonyeo Kwenye Mwiko wa Mama

Harufu ya kwato za ng'ombe zikichemshwa ndiyo inayonirudisha Sikuda, nyumbani kwa baba, mwaka ule baada ya mama kufariki. Kaka yangu Wandera alizichemsha nyuma ya jiko ili apate gundi, na uvundo wake ulituingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Mvua ilikuwa haikatiki. Kuni zilifuka moshi bila kuwaka, na sisi watatu tuliobaki tulikuwa tumezoea kula bila kutazamana. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, na kwa kuwa nilikuwa msichana pekee, jiko lilikuwa limeniangukia.

Wandera alikuwa amejifunza useremala kwa fundi mmoja wa Rubongi, karibu na kambi ya askari. Huko aliwaona wanaume waliorudi kutoka vita vya Wazungu wakipiga magitaa, naye akarudi nyumbani na mambo mawili: hamu ya kuunda gitaa lake mwenyewe, na Kiswahili cha kambini ambacho hakutaka kukiacha. Alikataa kabisa kuzungumza Kisamia chetu, hata na kuku. Baba alimwuliza kama mama angemwelewa iwapo angefufuka.

Gitaa lile halikuwa la kujifurahisha tu. Mama alikuwa na wimbo aliojitungia, akiuimba peke yake akisaga wimbi, na tangu tumzike mama, baba alikuwa ameupiga marufuku mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo ungeimbwa mbele ya watu, kisha majivu ya msiba yangefagiliwa, naye baba angeleta mke mwingine kutoka Kiyeyi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sikumlaumu baba, lakini niliogopa, kwa sababu wimbo ulikuwa umeanza kunitoka. Mwanzo niliujua, na mwisho niliujua, ila katikati palikuwa na shimo, na kila nilipolipita kimoyomoyo lilikuwa limepanuka. Wandera aliukumbuka wote, lakini sauti yake ilikuwa ya chura. Akisema ataimba, hata mbwa waliondoka. Kwa hiyo wimbo wa mama ulikuwa umebaki kwenye masikio ya mtu asiyeweza kuutoa kwa kinywa, na gitaa ndilo lililokuwa tegemeo letu.

Tumbo la gitaa alilitengeneza kwa mbao nyembamba za sanduku la chai, shingo kwa mvule, na nyuzi akazipata kwa kufumua waya za breki za baiskeli. Taabu ilikuwa ule ubao mwembamba unaobandikwa juu ya shingo, vidole vinapokandamizia nyuzi. Ubao wa kwanza aliuchonga kutoka mti mbichi, nao kwa unyevu wa majira yale ukajipinda kabla hata gundi haijakauka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini mti mbichi haungoji kukunjwa, hujikunja wenyewe. Wa pili ukapasuka. Alihitaji mti mgumu uliokwisha kukauka mpaka kiini, na katika boma zima mti wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, umening'inia juu ya mafiga: mwiko wa mama.

Ulikuwa mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa watu wengi, bapa toka juu hadi chini, mweusi kwa moshi wa miaka mingi. Kwa desturi ya nyumbani kwetu, mwiko wa marehemu huwa wa binti yake, na mwanamume hauchukui mkononi. Baadaye, nilipopelekwa shule, mwalimu alitufundisha kwamba katika Kiswahili mwiko ni chombo cha jikoni, na mwiko vilevile ni jambo lisilofanywa. Wenzangu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mahali mama alipozoea kuushika, mti ulikuwa umeliwa kidogo upande mmoja, umefanya kibonyeo laini, cheupe kwa kushikwa. Nikiweka mkono wangu pale nilihisi nimemshika mkono, na kusema kweli ndiyo sababu sikuchoka kusonga ugali mwaka ule.

Wandera hakuugusa. Alisimama mlangoni pa jiko, maji yakimchuruzika, akaniomba.

"Nabwire, dada yangu, mimi nataka hii mwiko. Bila hii, wimbo ya mama nakufa."

Niliushusha mwiko kutoka juu ya mafiga. Kisha nikamwambia achukue, lakini kibonyeo asikiguse. Aliapa.

Alitimiza kiapo. Aliupunguza mwiko kwa msumeno pembeni tu, akaubandika juu ya shingo, akachanja mifereji na kupachika vipande vya njiti za magurudumu ya baiskeli kuwa vigawa sauti. Alipofunga nyuzi na kuanza kupiga, mwanzo wa wimbo ulitoka safi hata nikashika mlango. Kisha akafika katikati. Vidole vilipoingia penye kibonyeo, uzi ulilala chini mno, ukagusa njiti zilizo mbele, sauti ikakoroma kama mzee mwenye pumu. Palepale penye shimo langu, gitaa nalo lilikuwa na shimo.

Alijaribu kila njia kwa ajili yangu. Aliinua nyuzi, zikawa juu sana, akikandamiza, sauti inaharibika. Alijaza kibonyeo nta iliyochanganywa na unga wa mbao, ikapasuka. Alipachika njiti nene pale, zikang'oka. Mwishowe alilaza rula ya chuma juu ya ubao, akanionyesha mwanga ukipita chini yake. Akanieleza kwamba dawa ilikuwa moja: kushusha ubao wote mpaka ulingane na kibonyeo. Siku ya matanga ilikuwa imekaribia na baba alikuwa amekwisha kualika watu.

"Mimi naapa kwako, siwezi kukwangua," alisema. "Sema wewe."

Nilimwambia ang'oe njiti. Kisha nikamwomba kipande cha chupa, nikakwangua mwenyewe, kwa maana mwiko ulikuwa wangu. Alinifundisha kupaka masizi kwenye ubao mwingine ulionyooka na kuuburuta juu ya mwiko. Palipo juu hushika weusi, nawe unakwangua weusi tu. Nilipaka na kukwangua, nikapaka na kukwangua, na kila mara kibonyeo kilibaki cheupe katikati, kikipungua. Nililia waziwazi na Wandera hakuninyamazisha. Jioni masizi yalishika ubao wote sawasawa. Nikamalizia kwa majani ya msasa mpaka ukateleza, nikapitisha kiganja toka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa ubao tu.

Siku ya kumaliza matanga Wandera aliupiga wimbo mzima, haukukoroma popote. Baba aligeuka akatazama ukutani. Niliisikia ile sehemu ya katikati, nikaimeza, na sijaipoteza tena. Watu walisifu. Mimi nilikuwa najifuta vidole kwenye gauni, ingawa havikuwa na vumbi.

Hata mwaka haukuisha, Wandera alipanda treni Tororo kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya shaba huko magharibi, gitaa mgongoni. Homa ilimchukua hukohuko. Aliyetuletea habari hakujua lolote kuhusu gitaa, na baba hakuuliza. Asiyekuwapo na lake halipo.

Siku hizi pale Busia magitaa yamening'inizwa madukani, yametoka ng'ambo, ubao wake umenyooka na hakuna aliyelia juu yake. Mjukuu wangu analo moja. Nilimwimbia wimbo wa mama na akaushika siku hiyohiyo. Anaupiga vizuri kuliko Wandera, sitamdhulumu marehemu kwa kusema hivyo. Juzi aliniuliza mwenye wimbo alikuwa mtu wa namna gani. Hatukuwa na picha yake, na uso wake ulikwisha kunitoka zamani. Nikafungua mdomo nimweleze, nikakuta nina wimbo tu. Nikamwambia apige tena. Akapiga mpaka katikati, safi kabisa, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kutafuta pa kushika, ukakosa, nikaurudisha mapajani.