Goti Langu na Mbio za Sikukuu ya Uhuru

Mtu akiniambia kupumzika ni uvivu, hata leo na mvi zangu hizi, mkono unaniwasha kumzaba kofi. Maneno hayo niliyasikia kijijini kwetu Runingu, miaka ya mwanzo ya uhuru, kutoka kwa mwalimu wa shule yetu, ambaye pia alinifundisha mbio. Nilikuwa nimetoka kukimbia mbio za Pasaka, kutoka Luvungi hadi kwetu, nikamaliza wa pili. Kucha mbili za mguu zilikuwa zimeng'oka, na goti la kulia limevimba hata halikunjiki. Siku ya tatu akaja mlangoni na baiskeli yake.

"Amuka. Tuko na maratoni."

Maratoni hiyo ilipangwa kwa sikukuu ya uhuru: kilometa arobaini na mbili, kumalizia Uvira kando ya ziwa. Mshindi angepelekwa kwa ndege kushindana katika mji mkuu. Niliitaka ndege ile kuliko chakula. Nasema hivyo ili msidhani nilikuwa mbuzi wa kukokotwa tu.

Mke wangu alikuwa akinikanda goti kwa mawese ya moto na chumvi. Alimwambia wazi: "Mwalimu, umuache kwanza mwezi moya. Ile goti haiyapona."

Mwalimu akacheka. "Mama, Wabelgiji walisema miaka yote siye tuko wavivu. Unataka bwana yako aonyeshe walisema kweli?"

Nilifunga goti kwa kitambaa nikamfuata. Yeye, bila shaka, alikuwa amekaa juu ya baiskeli.

Wakati huo uasi ulikuwa umeanza. Kila siku tulisikia barabara imefungwa, kijiji kimechomwa, na hatukujua watakaotufikia kwanza ni waasi au wanajeshi. Watu walilala na mizigo imefungwa. Asubuhi moja tulikuwa tukirudi kutoka upande wa Uvira, tairi la mwalimu likapasuka, akaniambia nitangulie kwa nguvu zote. Nikakaribia kijiji peke yangu, mdomo wazi, kitambaa cha goti kimelowa mawese mekundu kama damu. Aliyeniona kwanza hakuona sura, aliona mbio. Akapiga yowe. Kabla sijafika nyumba ya kwanza, Runingu nzima ilikuwa imekwisha kuingia migombani. Unga ulimwagika, vyungu vilipinduka, na mama mmoja mzee, jirani yetu, alianguka kwenye mfereji akateguka mkono.

Walirudi wamewaka. Yule mama alisimama mbele yangu, maji yakimchuruzika.

"Weye, nani iko nyuma yako?"

"Hakuna mutu, mama."

"Sasa unakimbia nini?"

"Ninajifunza kukimbia."

"Kujifunza? Siye wote hapa tunajua kukimbia, na hakuna mwalimu alitufundisha!"

Chifu aliamua kesi siku hiyo hiyo. Sikukatazwa mbio, ila kila nikikaribia kijiji lazima nipige kelele kutoka mbali, "Sipori! Sipori!", yaani ni michezo, watu wakae. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Jaribu kupanda kilima pumzi imekwisha huku unajitangaza kama muuza samaki. Nilipomlalamikia mwalimu, alisema kelele zitanikomaza mapafu.

Basi nikawa nachechemea na kupayuka, wiki baada ya wiki. Asubuhi goti halikukunjika mpaka nilimwagie maji ya moto. Mke wangu akiuliza, nilimwambia linapona. Nilimdanganya nikimtazama machoni, kwa ajili ya ndege. Kisha siku moja, kwenye mashamba ya muhogo, kitu ndani ya goti kililia kaa! na mguu ukaniacha. Mwalimu alitazama, akasema nikaze kitambaa.

Siku chache baadaye, saa sita mchana, bunduki zililia karibu, barabarani. Safari hii hakuna aliyeuliza. Watu walielekea mto Ruzizi ili wavuke kuingia Burundi. Mke wangu alikuwa mbele na gunia la unga kichwani, akidhani niko nyuma yake. Wote walinipita: wanawake na masufuria, wanaume na mbuzi, yule mama mzee na mkono wake umefungwa shingoni. Mimi, mtu wa maratoni, nilikuwa narukaruka kwa fimbo.

Mwalimu akanifikia na baiskeli, sanduku la vitabu limefungwa nyuma. Akapunguza mwendo. Nilidhani atalifungua anipakie.

"Ndugu, pumzika kidogo," akasema. "Utatukuta ku muto."

Akakanyaga pedali.

Sijawahi kutaka mbio kama nilivyozitaka dakika ile, nimfikie tu, nimwangushe chini na vitabu vyake. Nilipiga hatua mbili nikaanguka kifudifudi.

Mke wangu ndiye aliyerudi, akipita kinyume na watu wote. Alilitua gunia kando ya njia, akaliacha pale, akauweka mkono wangu shingoni mwake. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Nilitaka anitukane, nipate pa kuitua hasira yangu. Alisema tu, "Niegemee muzuri."

Tulifika mtoni wa mwisho. Unga ule ulikuwa chakula chetu chote, na ng'ambo tulikula cha kuomba. Hakuutaja kule Burundi, wala tuliporudi, wala siku yoyote mpaka nilipomzika. Hilo nalo linanikasirisha.