Simu ya Alhamisi

Zahanati yangu iko magharibi mwa Urambo, ndani kidogo ukishaiacha barabara ya Kaliua. Nikisema yangu sina maana kwamba niliijenga. Nina maana kwamba kwa miaka minne mtaalamu wake nimekuwa mimi peke yangu: nesi ni mimi, mkunga ni mimi, mtoa dawa ni mimi, na anayegombana na popo wa darini ni mimi. Yupo pia mhudumu mmoja, mama wa makamo wa hapohapo kijijini, lakini jioni ikifika anafunga madirisha na kwenda kwa wajukuu wake. Mimi navuka uwanja hadi nyumba ya mtumishi, napika ugali wa mtu mmoja, nakula nimesimama. Kuna siku nimewahi kugundua kwamba neno langu la mwisho kwa binadamu lilikuwa kumwambia mtu akunje mkono wa shati.

Najulikana kwa ukali, na sikatai. Mama akikosa kumleta mtoto kwenye chanjo, namfuata mpaka kwenye bani anakokaushia tumbaku na kumsema mbele ya mumewe. Wanaokosa kliniki tunawaita watoro, na nina daftari lao. Wazee wenye presha ndio ninaowabana zaidi. Huku mtu akiulizwa hali hujibu nzuri kwanza, ndipo salamu zikiisha, na kama unayo subira, akuambie kwamba hajalala siku tatu. Ukimuuliza mzee kama anameza dawa atasema anameza, maana kukujibu hapana anaona ni kukukosea adabu. Kwa hiyo niliacha kuuliza. Kila mzee anakuja na vidonge vyake vilivyobaki, navimwaga juu ya meza, nahesabu. Vikizidi, najua mwenyewe, na yeye anajua kwamba najua.

Ng'ambo ya mbuga kuna vitongoji vitatu ambavyo zamani vilikuwa havifiki kwangu kabisa wakati wa mvua. Maji yakijaa, mgonjwa alibebwa juu ya baiskeli kwa kuzungukia mbali, au alikaa nyumbani kungoja kiangazi. Nikaandika barua, nikaandika nyingine, nikaenda kukaa kwenye benchi za ofisi ya wilaya mpaka wakanichoka. Mwaka juzi wakanikubalia: kila Alhamisi nipeleke huduma ya mkoba, yaani niifuate jamii huko iliko, na dawa zangu na mashine ya presha na kisanduku cha baridi cha chanjo, nimekaa nyuma ya bodaboda, na maji yakijaa tunazunguka kwa njia ndefu. Tulipewa chumba cha nyuma cha kanisa. Siku ya kwanza walikuja wazee saba, na mwezi wa pili benchi likawa halitoshi. Katika kazi yangu yote sijafanya jambo ninalojivunia kama lile.

Na Alhamisi ilikuwa na zawadi yake. Zahanati haina mtandao wa simu. Lakini kabla ya kushuka mbugani kuna kichuguu kikubwa kando ya njia, na ukipanda juu yake simu inashika vizuri. Watu wa pale wanakiita Posta. Nilikuwa nafika Posta saa nne asubuhi, namwambia dereva wa bodaboda apumzike, napanda na viatu vyangu vya kazi, nampigia mama.

Mama yangu anakaa Cheyo, mjini Tabora, kwenye nyumba aliyozeekea na baba. Baba alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, cherehani ilibaki sebuleni imefunikwa khanga, na mama akabaki na mimi tu, kwa kuwa hawakujaliwa mwingine. Kabla ya huduma ya mkoba nilikuwa nampigia mara moja kwa mwezi, nikienda Urambo kuchukua dawa. Sasa akawa ananipata kila wiki. Alifurahi mno, na hakuficha.

Simu yake ilikuwa kitochi changu cha zamani, nilichomwachia nilipopangiwa kazi huku. Betri yake ilishachoka. Ilifanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu. Ukiichomoa, inazimika kabla hujamaliza salamu. Kila likizo nilisema nitamnunulia nyingine, na kila likizo nilisahau. Hata hivyo Alhamisi nilikuwa nikipiga, mlio wa kwanza haujaisha, mama ameshapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje huko porini?"

"Salama. Presha vipi?"

"Imetulia, alhamdulillahi."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

Kisha tunaingia kwenye mambo yenyewe: nani ameolewa, nani amehamia Dar es Salaam, bei ya mchele, na kama mimi nakula. Dakika kumi, kumi na tano. Dereva akipiga honi naaga. Wiki nzima nilikuwa naweka maneno ya kumwambia mama Alhamisi. Nikimzalisha mtu mapacha, nilikuwa nawaza nitakavyomsimulia kabla hata sijanawa mikono.

Mara moja tu hakupokea. Ilikuwa wiki tatu hivi tangu tuanze. Nilipiga mara kumi juu ya kichuguu, jasho linanitoka, kichwani nimeshamzika. Nikaenda kuhudumia watu nikiwa sina akili. Wiki iliyofuata alipopokea nilimfokea mama yangu mzazi kama ninavyomfokea mtoro.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo, mwanangu."

"Mama, mimi wiki nzima nina saa hii moja. Moja tu. Ukijua ni siku ya simu yangu, kaa karibu na simu. Usinifanyie hivyo tena."

Nilisikia kuku wa jirani wanalia uani.

"Sitarudia," akasema.

Na hakurudia. Tangu siku ile hakukosa hata Alhamisi moja, na mimi nikaona kwamba ukali wangu unafaa hata nyumbani.

Ikapita kama miezi kumi. Mwaka jana, mvua za mwisho, nikapanda Posta kama kawaida. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na hasira zikaanza kunipanda, maneno nimeshayapanga. Mara ya nne ikapokewa. Sauti haikuwa ya mama. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

"Mwanangu," akasema, "nimekaa hapa kwenu tangu asubuhi nangoja upige, ndio nilikuwa nimetoka uani kidogo. Mama yako tuko naye hospitali tangu juzi. Ameanguka akiwa anafagia. Mkono wa kulia hauinuki, na maneno hayatoki."

Sikuhitaji aendelee. Nilishawapa watu wengi maelezo ya kiharusi, kwa sauti ya upole tunayofundishwa.

Njia ya mkato kutoka Posta kwenda Urambo ilipita palepale kanisani nilipokuwa naelekea. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Nikasimama mlangoni, nikawaambia leo hakuna huduma, mama yangu anaumwa, naenda Tabora. Wakanipa pole, mmoja mmoja, bila haraka. Bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vyake vilivyobaki, akanyoosha kiganja.

"Nihesabie kwanza, mwanangu," akasema. "Nisije nikaonekana sijameza."

Nikahesabu, nimesimama, dereva wa bodaboda akiwa amewasha pikipiki. Vilikuwa sawasawa. Nikamwambia ameze hivyohivyo mpaka nirudi, na nikaondoka.

Nilifika wodini jioni. Mama alinitambua. Jicho moja lilicheka na upande mmoja wa mdomo, na akaanza kuniambia jambo ambalo halikuwa na maneno ndani yake. Nilimshika mkono wa kushoto. Daktari, kijana mpole, akaniuliza kadi yake ya kliniki ya presha iko wapi, ajue alikuwa anatumia dawa gani na kwa kiasi gani. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui. Nilijua vidonge vya kila mzee wa ng'ambo ya mbuga. Kadi ya mama yangu sikuwahi kuishika.

Nikaenda Cheyo kuitafuta. Jirani alinifungulia mlango. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kigoda. Kilikuwa kimewekwa ukutani, chini ya soketi, mahali ambapo mtu hakai, kwa kuwa ni kwenye pito la kwenda jikoni. Simu ilikuwa bado imechomekwa. Juu ya kigoda kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne, na katikati kimebonyea.

Kadi ilikuwa kwenye droo ya cherehani, ndani ya mfuko wa nailoni, safi. Nimesoma kadi nyingi sana. Jicho langu linakwenda lenyewe kwenye tarehe. Alikuwa mgonjwa mzuri. Kila mwezi mhuri, kila mwezi kipimo, kwa miaka. Kisha tarehe zikakoma. Tarehe ya mwisho niliifahamu. Ilikuwa ile wiki ambayo hakupokea simu. Juu ya kadi, kwa kalamu ya bluu, mtu wa hospitali alikuwa ameandika siku ya kliniki: Alhamisi, asubuhi.

"Ulijua?" nikamuuliza jirani.

Alikaa kwanza. "Nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia twende, kesho ni siku yako. Akasema Alhamisi hatoki, mwanawe anapiga saa nne, na foleni ile saa nne hujafika hata mlangoni. Nikamwambia mwambie apige siku nyingine. Akasema huko porini hana siku nyingine, asimtie wasiwasi kwenye kazi za watu. Kichwa kikimuuma alikuwa ananunua dawa ya kichwa hapo dukani."

Ningeweza kupiga wakati wa kurudi. Nimewaza jambo hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Jioni nilikuwa napita kwenye kichuguu kilekile, na mtandao ulikuwepo uleule. Lakini jioni nilikuwa nimechoka, nataka kufika, nioge, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba saa nne inaweza kuwa saa mbaya kwa mtu mwingine. Nilimuuliza anameza dawa, akaniambia anameza, na mimi, mwanamke ninayehesabu vidonge vya watu mezani, nikaridhika. Nilikalia kile kigoda chake nikalia, na jirani akaniacha nilie.

Niliomba likizo, nikapewa wiki tatu. Niliomba uhamisho, na barua bado iko kwenye meza ya mtu. Wananiambia nikiondoka zahanati itafungwa mpaka apatikane mwingine, na wanasema kweli. Nimewaona wazee wale kwenye benchi. Niliomba kumchukua mama nikae naye huku, lakini anahitaji mazoezi ya mkono na mguu, na mazoezi yako Tabora. Basi jirani amehamia kwetu, analala kitanda cha baba. Kitochi nilikitupa, nikanunua simu inayokaa na chaji. Siku ya kuondoka mama aliishika kwa mkono wa kushoto, akaigeuzageuza, kisha akaniangalia, na nikajua anataka kuuliza nitapiga lini.

"Jioni, mama," nikamwambia. "Nikiwa narudi."

Mazoezi yake yamepangwa kila Alhamisi, na mara moja kwa mwezi siku hiyohiyo anapitishwa kliniki ya presha. Jioni nikipanda Posta jirani anapokea, ananipa habari, halafu anamwekea mama simu sikioni. Anapumua. Namsimulia mambo yangu yote kwa mpangilio: nani kajifungua, nani mtoro, popo wamerudi. Nikinyamaza anatoa sauti moja, ya chini, na mimi naichukua kuwa ni marahaba, kwa kuwa sina namna ya kuhakikisha. Nazungumza mpaka jua linaingia kwenye miti na dereva anaanza kukohoa.

Asubuhi ndiyo ngumu. Saa nne tunafika pale kama zamani, na bado namwambia dereva apumzike. Napanda juu ya kichuguu. Simu inashika, mistari yote. Mwili wangu wote umezoea kupiga saa ile, na kidole kinakwenda chenyewe kwenye jina. Sipigi. Nasimama, nimeshika simu mkononi, nangoja, mpaka unapoingia ujumbe wa jirani wenye maneno yaleyale ya kila wiki: tumefika, tuko foleni. Nausoma mara mbili. Kisha nashuka, napanda bodaboda, na tunaingia mbugani kwenda kuwahesabia wazee vidonge vyao.