Magauni Kumi na Mawili ya Mwamvita

Mwaka 1952 Mwamvita Uledi alichoka kushona kwenye baraza za maduka ya watu. Alipanga chumba karibu na soko la Bukoba, akapigilia misumari ukutani, akatundika magauni kumi na mawili yaliyokwisha kushonwa. Watu walikuja kucheka tu. Nani aliwahi kusikia gauni linashonwa kabla mvaaji hajapimwa?

Mwamvita hakuwa mjinga. Novemba ni mwezi wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, na kwetu Buhaya mke akimkamatia mumewe senene, mume humvisha gauni. Akiba yake yote ilikuwa kwenye vitambaa vile. Magauni yasipotoka, angerudi barazani, na vicheko vingemfuata hukohuko.

Senene hawakuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Wanaume wakatembea mjini wakipiga miluzi, na aliyepiga mkubwa kuliko wote, nakiri kwa aibu, alikuwa baba yangu, Rugaibula. "Hakuna senene, hakuna gauni," alisema. "Sheria ni msumeno."

Kisha dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba senene wameanguka Muleba. Mwamvita, mtu wa asili ya pwani ambaye akiona mende hupanda kitandani kwa woga, akapanda lori. Alfajiri aliingia nyasini, akawakamata kwa mikono yake huku akipiga mayowe na kusoma kila dua aliyoijua. Mchana alirudi na gunia linalotikisika, akawagawia wake za watu kwa sharti moja: gauni linunuliwe kwake.

Jioni ile mji mzima ulinukia senene. Kufikia Ijumaa misumari kumi ilikuwa mitupu.

Nyumbani kwetu Nshambya, baba alikula sahani mbili, akalamba vidole, ndipo akauliza senene wametoka wapi. Mama yangu, Anatolia, Mlutheri asiyejua uongo, akamwambia.

Kesho yake baba aliingia dukani anatabasamu.

"Bi Mwamvita, mila ni mila. Anayevishwa ni aliyekamata. Mke wangu hakukamata hata mmoja."

"Kweli kabisa, Ta Rugaibula," akajibu Mwamvita, akimwita "Ta" kwa heshima ya Kihaya. "Niliyekamata ni mimi. Basi nivishe."

Mlango ulikuwa umejaa watu, na wote walikuwa wamesikia. Baba alisahau kwamba msumeno hukata mbele na nyuma. Akalipa. Mwamvita akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa gauni la buluu, akalipitisha sokoni kote. Kila aliyelisifia alipata jibu lilelile: "Nimevishwa na Ta Rugaibula."

Maneno hayo yalifika Nshambya kabla ya baba. Alimkuta mama amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Baba hata hakushuka kwenye baiskeli. Aligeuza palepale, akarudi mjini kununua gauni la kumi na mbili.